Boksi la Bi. Oleta

Thurman Pickrell aliliona boksi kabla hajamwona mwenye boksi, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Lilikuwa kwenye meza ya safu ya nyuma kabisa ya ukumbi wa maonyesho ya bunduki, pembeni ya sahani ya pai: boksi la kadibodi nyekundu iliyoiva, kona zimechakaa kidogo tu, na lebo ya kijani iliyosema Harlow na Pike, Bastola ya Kike, Mpini wa Lulu. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu, ilhali alikuwa amevaa buti zisizo na kamba.

Bastola yenyewe ni chuma tu, na chuma kinadumu. Kinachowatoa udenda watu wazima wenye wajukuu, pale Tulsa, ni boksi lake, ambalo wanunuzi wa zamani walilitupa wakiwa bado mlangoni mwa duka. Bastola ya Kike ikiwa peke yake hununua sofa. Ikiwa ndani ya boksi lake, hununua nyumba ya kuliweka hilo sofa. Ndiyo maana watu huyaghushi maboksi, na ndiyo maana Thurman alikuwa na kazi.

Kwenye maonyesho ya bunduki, kuanzia Amarillo hadi Wichita, walimwita Profesa. Alitembea na tochi ya mwanga wa zambarau, maana karatasi ya siku hizi hutiwa dawa ya kuing'arisha, na ukiimulika gizani inawaka samawati. Karatasi ya kale haiwaki. Hilo ni kweli, na kila mkusanyaji analijua. Wasilolijua ni kwamba kabla ya kumulika, Profesa alilipangusa boksi vumbi kwa kitambaa laini, kwa upole wa mkunga, na kitambaa hicho kilikuwa kimelowekwa kwenye sabuni ya unga ya kufulia kisha kikakaushwa. Sabuni ya unga nayo ina dawa ileile. Kwa hiyo boksi lolote aliloligusa, hata kama mzee Harlow mwenyewe ndiye aliyeligundisha, liliwaka kama taa ya baa.

Mwenye boksi akishakata tamaa, alipita mama mmoja mwenye huruma, akalinunua hilo takataka kwa bei ya chakula cha mchana, eti la kuwekea misumari. Mama huyo aliitwa Lavonne, na alikuwa mke wa Profesa, ingawa ukumbini hawakusalimiana. Jioni sabuni ilifutwa kwa kitambaa chenye maji, boksi likarudi kuwa la kweli, na bei yake ikarudi nalo.

Walilala ndani ya gari lao kubwa la safari, lenye kitanda, jiko na mapazia ya alizeti aliyoyashona Lavonne kwa mkono wake. Hawakuwa na nyumba nyingine hapa duniani. Lavonne alilipenda gari lile kuliko alivyompenda Thurman siku za kawaida, na siku za sikukuu walilingana.

Sasa Thurman akainuka kutoka kwenye zile kamba zake za kufikirika, akaisogelea meza. Mwenye boksi alikuwa mama wa miaka sabini na ushee, miwani mikubwa, magoti yamefungwa bandeji. Beji yake ilisema Oleta Brasher.

"Wewe ndiye Profesa?" akauliza. "Hebu niangalizie hili, mwanangu. Marehemu mume wangu aliondoka bila kuniambia lipi la kweli na lipi la uongo, na sisemi maboksi tu."

Thurman akampa pole ya msiba. Akalipangusa boksi taratibu, akavuta kitambaa cha meza kupata giza, akamulika. Lebo ikawaka samawati. Akashusha pumzi ndefu, ile aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Pole sana, mama. Ni bandia."

"Sema kwa sauti, sikio hili limestaafu."

"Ni bandia, mama."

"Kabisa?"

"Naweka jina langu hapo," alisema Thurman, kwa sauti iliyofika meza za jirani. Watu wakageuka. Hata Garland Whitlow, daktari wa meno mstaafu mwenye pochi nene kuliko zote mle ukumbini, aliinua kichwa kutoka kwenye mkate wake wa nyama ya kuchoma. Thurman hakufurahi, kwa sababu Whitlow alikuwa na tochi yake mwenyewe, na mtu mwenye tochi yake mwenyewe akilichunguza boksi vizuri anaweza kuona palipopanguswa na pasipopanguswa.

Akampa Lavonne ishara ya haraka. Lavonne akaja na uso wake wa huruma, akatoa dola ishirini, akataja misumari. Lakini Bi. Oleta hakutaka pesa. Alisema bandia ni bandia, hilo amekubali, ila ni ukumbusho wa mume, na kwenye maonyesho watu hubadilishana vitu. Pale nje kuna gari la safari lenye mapazia ya alizeti, na asubuhi amemwona dada akishuka humo. Yeye magoti hayataki tena ngazi za hoteli. Kama dada analipenda sana boksi, basi wabadilishane.

Lavonne alicheka njia nzima hadi nyuma ya kibanda cha nyama, alikokuwa amejificha mumewe. Thurman hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu: upande mmoja gari kuukuu, upande wa pili nyumba nzima. Bibi wa watu, alisema, amechanganyikiwa kwa majonzi, na majonzi hayangoji.

"Thurman," Lavonne akamwambia, "ulilimulika kabla ya kulipangusa?"

"Nani anamulika kabla? Mwenye boksi angeona haliwaki."

"Kwa hiyo hujui."

"Nimeziona pini zake, zina kutu. Nimelinusa. Lina harufu ya mafuta ya zamani."

"Hata jiko letu lina harufu ya mafuta ya zamani."

"Lavonne, mke wangu, nimekuwa kwenye kazi hii tangu ukiwa na kiuno."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angenyamaza, lakini Whitlow alikuwa ameshafuta vidole na kuanza kutembea kuelekea safu ya nyuma. Thurman akamwahidi mkewe bafu la kukaa, bustani, na mapazia mapya kila dirisha. Lavonne akaenda kumsainia Bi. Oleta kadi ya gari, akarudi akamtupia mumewe boksi kifuani. Nafsi ya Thurman ilichezacheza. Alijiona mwenye baraza, mwenye mbwa, mwenye jirani wa kumdharau.

Akajifungia chooni. Akatoa kile kitambaa cha maji, akalifuta boksi, akazima taa, akamulika ili afurahi. Lebo ikawaka samawati.

Akafuta tena. Likawaka. Akafuta hadi kadibodi ikaanza kuvimba. Likawaka. Akaligeuza chini, mahali ambapo kitambaa cha sabuni hakikufika kamwe, na chini nako kukawaka. Alipolifungua, ndani kuling'aa kama meno ya mtangazaji wa televisheni. Hapo Thurman Pickrell aliyewaingiza mjini watu wa majimbo matatu alielewa kwamba mtu anayefanya kila kitu kionekane bandia hana njia ya kukijua cha bandia kikimjia. Akakaa juu ya choo akaona aibu, si ya dhambi zake, ya ujinga wake.

Alirudi mezani mbio, boksi linachuruzika maji.

"Hili boksi ni bandia," akapayuka.

Whitlow, aliyekuwa amesimama pale anakula pai ya Bi. Oleta, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Profesa, ulituambia hivyo tangu asubuhi. Kwani ulifikiri nini?"

Thurman akafungua mdomo. Akisema alilidhani la kweli, amekiri kwamba asubuhi alidanganya, na kwamba amekuwa akidanganya kutoka Amarillo hadi Wichita, na wengi waliodanganywa walikuwa wamesimama hapo hapo. Kila jibu alilolijaribu lilimpeleka polisi.

"Nilikuwa nahakikisha tu," akasema.

Watu wakampigia makofi. Walisema hawajawahi kuona mtaalamu anayeirudia kazi yake mara ya pili bila kudai malipo.

Bi. Oleta akamwita karibu, akamnong'oneza kwa utulivu. Mwaka juzi, Amarillo, Profesa alimpangusia dada yake Bi. Oleta boksi la kweli, na dada alilia hadi nyumbani. Baadaye Bi. Oleta alimpeleka mjukuu kwenye ukumbi wa mchezo wa kuvingirisha mipira, wenye zile taa za zambarau, na blauzi yake mwenyewe ikawaka.

"Nikajiuliza, hii blauzi nimeifulia nini," alisema. "Hilo boksi ni nakala, zinauzwa pale mlangoni. Nimelipaka chai na mafuta ya bekoni. Na mimi, mwanangu, sikukwambia hata mara moja kwamba ni la kweli."

Thurman akatoka nje kumtafuta mkewe, angalau wapange namna ya kuliiba gari lao. Alimkuta Lavonne ameketi nyuma ya usukani, injini inanguruma, na Whitlow anamsaidia Bi. Oleta kupandia mlango wa pili.

"Mama haoni vizuri barabarani," Lavonne akasema dirishani. "Anahitaji dereva. Ameniahidi mshahara, na haki kidogo."

"Na mimi je?"

"Wewe una boksi."

Mapazia ya alizeti yakapita mbele yake, yakakata kona kwenye taa za barabarani. Taa ya nyuma ya kushoto haikuwaka. Lavonne alikuwa amemwomba mwaka mzima aitengeneze.