Skrini Kwenye Gari la Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeiona. Shemeji, mdogo wake mke wangu, kaja na gari lake kumsalimia mama yao, na juu ya dashibodi kaweka skrini! Simu iko mfukoni, mambo yote yako kwenye kioo: ramani, muziki, nani anapiga. Mama mkwe akaketishwa kiti cha mbele asikie ramani inavyozungumza. Haoni vizuri, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini alicheka kama msichana.

Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika ndoo ya kuoshea gari. Hakuna aliyeniangalia.

Huu si wivu. Ni riziki. Gari ninalobebea abiria wangu wa kila asubuhi ni la marehemu baba mkwe, na hati zake bado ziko kabatini kwa mama. Kasema Jumapili ataamua libaki kwangu au liende kwa shemeji. Shemeji ana gari tayari! La pili la nini? La kumpa dereva, eti. Na mimi niende wapi?

Nimeamua. Nami natia skrini. Kubwa kuliko yake.

Jumanne, 4 Machi

Skrini nimepata. Ile ya kuzama ndani ya dashibodi kabisa, pana kama sinia. Muuzaji kaapa inaingia gari lolote.

Fundi wa umeme wa magari kaitazama skrini, kaitazama redio yangu ya kaseti, kanitazama mimi. Kasema nafasi ya redio ni nyembamba, haiingii mpaka dashibodi ikatwe, na yeye dashibodi ya mtu hakati. Akanishauri nichukue ile ndogo ya kusimamisha juu, kama ya shemeji. Kama ya shemeji! Niliondoka kwa hasira, mlango sikuufunga vizuri, ukafunguka kwenye kona.

Kukata plastiki kuna ufundi gani? Jirani ana msumeno.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwisha.

Nilianza vizuri. Mstari niliuchora kwa wanja wa mke wangu. Halafu plastiki, kwa uzee wake, ikapasuka mpaka karibu na usukani. Msumeno ukala nyaya. Sasa nikiwasha indiketa ya kushoto, honi inalia. Ya kulia, kimya cha msibani. Skrini haikuwaka. Na shimo limekuwa kubwa kuliko skrini yenyewe, maana nilikuwa nanyoosha upande huu, unapinda ule, nanyoosha ule, unapinda huu.

Mke wangu akatoka kuuliza honi ni ya nini. Akaona. Akakaa kiti cha abiria, mlango wazi, miguu nje. Halafu akaniuliza kama najua kwamba baba yake alikuwa akiifuta dashibodi ile kwa fulana yake mwenyewe. Nikamwambia ndiyo maana imepauka.

Chakula nimejipakulia.

Ijumaa, 7 Machi

Si vibaya sana. Fundi kaziunganisha nyaya, baada ya kucheka mpaka akaegemea boneti. Muuzaji, baada ya kelele nyingi, kakubali kunibadilishia: nimepewa ile ndogo ya kusimamisha juu. Redio ya kaseti nimeirudisha shimoni na kuibana kwa soksi. Inacheza kama jino bovu, lakini inaimba. Juu yake nimetandika kitambaa cha meza chenye maua, na mbele ya kitambaa, skrini. Nani atajua? Mama mkwe? Kwa macho gani?

Skrini hii haina spika ya maana. Inarusha sauti hewani, redio ya gari inaidaka, ila lazima zote mbili ziwe kwenye namba moja. Kila namba niliyojaribu ilikuwa na mahubiri au mpira. Nikakumbuka namba ya redio ya shemeji, niliiona Jumatatu kwenye skrini yake. Nikaweka ile ile. Safi kama maji ya chupa! Kwa nini yeye asikie vizuri mimi nikoseshwe?

Majaribio: ramani iliniambia nipinde kulia. Kulia kulikuwa na ukuta wa shule. Abiria wangu mmoja, mama wa duka la dawa, akaniomba nizime kabla hajafa. Halafu jua likapanda, gundi ikalainika, skrini ikanidondokea mapajani katikati ya mzunguko wa barabara. Nimeongeza gundi.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo mama alikuwa aende kupimwa macho hospitali, na tulikubaliana nimpeleke mimi. Nafika, gari linang'aa, kitambaa kimenyooka, namkuta keshaketi garini kwa shemeji! Eti shemeji alikuwa anapita tu. Anapita tu, na suti!

Nikawafuata kwa nyuma, karibu, ili mama ajue nipo. Foleni ikatukamata darajani, bampa kwa bampa. Hasira zimenijaa, nikamrekodia kaka yangu ujumbe wa sauti. Nilimwaga yote. Kwamba shemeji ni kasuku aliyevaa tai. Kwamba dashibodi nimeikata vibaya lakini nimefunika kitambaa, na yule bibi kizee haoni hata kidole chake, kesho hati naziweka mfukoni. Ukanoga. Nikausikiliza kwenye skrini, sauti juu. Nikaurudia, kwa ajili ya ile sehemu ya kasuku.

Mbele yangu taa za breki za shemeji zikawa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Nikadhani breki zake ni mbovu. Nikafurahi.

Hospitali, mama akasema kurudi atarudi na mimi. Shemeji hakubisha. Alikuwa amejiuma midomo, machozi yanamtoka. Nikajua analia kwa kushindwa. Nikamfungulia mama mlango kama malkia.

Tukaondoka. Halafu mkono wake ukaingia chini ya kitambaa, taratibu, ukapapasa. Ukafuata ukingo wa shimo, ukafika kwenye ufa, ukafika kwenye soksi.

"Mtoto wa jicho yuko machoni, mkwe wangu," akasema. "Masikioni hayumo. Umetoka kwenye redio ya mwanangu. Mara mbili."

Namba ile ile! Nikasema labda ulikuwa mchezo wa redio.

Akaniuliza kile kipande nilichokikata kiko wapi. Akasema hapo ndipo marehemu alipokuwa akiweka kiganja kila waliposimama kwenye foleni, na yeye akiweka chake juu yake. Nikamwambia nilikitupa. Gari la taka limeshapita.

Akaurudisha mkono mapajani. Akautazama, kama vile anauona.

Nimeendesha mpaka nyumbani njia siioni vizuri. Itakuwa vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Kikao sebuleni kwa mama. Gari haliendi kwa shemeji, kwa sababu alisikia na akacheka. Haliendi kwangu, kwa sababu zinazojulikana. Hati kampa mke wangu.

Mke wangu! Kazipokea kwa mikono miwili, bila kushtuka. Kasema kuanzia kesho abiria wa asubuhi atawabeba mwenyewe. Leseni anayo tangu hajaolewa, mimi ndiye niliyesahau. Nikauliza mimi nitafanya nini. Kasema ndoo ipo.

Nilipiga magoti mbele ya mama nikaomba radhi, na sikuwa naigiza. Kasema amenisamehe. Kasema akishapasuliwa macho, atakuja alitazame gari vizuri. Bora angenichapa.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimepanda gari kama abiria, kiti cha nyuma. Mke wangu anaendesha vizuri, inauma. Ramani yeye haitaki. Mama wa duka la dawa kasema sasa amani imerudi.

Nimewaza sana kosa langu liko wapi. Nimelipata. Ni ile namba ya redio. Ningevumilia mahubiri, hati zingekuwa zangu.

Lakini nimegundua jambo: akirudi nyuma, mke wangu anageuza shingo mpaka inalia. Namhurumia. Muuzaji ana kamera za nyuma, zinaungana na skrini ile ile. Mama akishafunguliwa macho, akaingia, akaona nyuma ya gari akiwa ameangalia mbele! Atasahau yote. Linahitajika tundu moja tu kwenye buti. Dogo.

Mke wangu anaoga. Ufunguo uko mezani.