Wasijue Kusoma Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni watu wawili. Mwaka wangu wa kujitolea ulikwisha Ijumaa. Nilipewa cheti, nikashikwa mkono, nikapigwa picha nikiwa nimefumba macho. Leo asubuhi nimeripoti chuoni kama mwanafunzi wa uzamili. Jioni nimeripoti shirikani, palepale nilipojitolea, safari hii kama mwajiriwa wa nusu siku. Dada, ambaye nalala sebuleni kwake, ameuliza kati ya hao wawili ni nani ataosha vyombo. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Tumeosha wote wawili, yaani mimi.

Najuta kidogo. Ningechagua kimoja. Lakini nina mpango: kazi ndiyo iwe masomo, na masomo ndiyo yawe kazi. Shirika limenipa darasa la jioni, watu wazima kumi na mmoja wasiojua kusoma. Nitawapima mwanzo, nitawafundisha, nitawapima mwisho. Tofauti itakayoonekana ndiyo tasnifu yangu. Wenzangu wahangaike juani kutafuta watu wa kuwahoji. Wangu wanakuja wenyewe, na penseli zao.

Kiherehere hana mpango kama huu. Huyu tulijitolea naye mwaka mzima. Sasa anafundisha chumba cha pili na anasoma uzamili uleule. Jina hilo nimempa mimi, moyoni tu. Utafiti wake ni kuhusu vitabu vya maktaba. Vitabu! Vitu visivyojifunza chochote.

Jumatano, 5 Machi

Darasa la kwanza. Wamekuja wote. Mzee Mlinzi kaja na sare, maana akitoka hapa anaingia lindoni. Mbele kabisa kakaa mama mmoja wanayemwita Mama Mikate, kwa kuwa anaosha magari ya kiwanda cha mikate. Mikono yake inanukia sabuni.

Nilipouliza kila mtu anataka nini, wengi walisema wanataka kujua tu. Mama Mikate alisimama. Akaeleza kwamba gari anajua kuliendesha, kila asubuhi anayatoa yale magari uani na jioni anayarudisha. Dereva mmoja anastaafu mwisho wa mwezi, na mwenye kiwanda amesema usukani ni wake akipata leseni. Mtihani wa leseni una karatasi ya maswali, na mtu haruhusiwi kusomewa. Ni tarehe 28 mwezi huu. Herufi nyingi tayari anazijua, alizipata kwa wanawe. Kinachomshinda ni kuziunganisha.

Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba atasoma. Nikajigonga kifua. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Chuoni kwa Profesa, msimamizi wangu. Ameupenda mpango. Kisha, huku akikoroga chai, akauliza kama nina kibali cha kamati ya maadili. Sina. Bila kibali hairuhusiwi kumpima mtu hata neno moja, na kamati inakaa mwisho wa mwezi. Nikasema basi nitafundisha tu, nitawapima baadaye. Akaniuliza nitapima mwanzo gani ikiwa mwanzo umeshapita. Kisha akaendelea na chai.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani nikiwaza. Kuacha kufundisha siwezi, nitafukuzwa kazi. Kufundisha vizuri siwezi, nitakosa shahada. Imebaki njia moja: kufundisha taratibu.

Jumatano, 12 Machi

Ba, be, bi, bo, bu. Kwa mara ya nne. Nimetunga wimbo wake, na makofi. Mzee Mlinzi amelala kwenye bo.

Mama Mikate ameuliza, kwa adabu kabisa, maneno tutaanza lini. Nimemweleza habari za msingi. Nyumba bila msingi, ukuta bila msingi, choo bila msingi. Amesikiliza mpaka mwisho akanishukuru.

Tatizo ni ukuta wenyewe, ambao ni mbao nyembamba tu. Upande wa pili darasa la Kiherehere linasoma gazeti kwa pamoja, tangazo la magodoro. Wanasoma kwa sauti kama wanaimba. Wangu waligeuza shingo wote. Nikapandisha wimbo.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa. Kiherehere alitumia chumba changu mchana na hakufuta ubao. Nimeingia nikamkuta Mama Mikate amesimama mbele ya ubao, kidole hewani, midomo inachezacheza. Ma. Go. Do. Ro. Kisha akaliunganisha neno zima akageuka kunitazama. Darasa likapiga makofi. Mzee Mlinzi akapiga mluzi.

Nikafuta ubao. Nikasema tusirukie mambo, turudi kwenye ba. Makofi yakakatika.

Najuta ule uso wake. Ulikuwa na furaha, kisha ukawa na aibu, kama aliyeshikwa akidokoa chunguni. Mwalimu gani anakasirika mwanafunzi wake akisoma? Nimejiuliza hivyo njia nzima. Nyumbani kulikuwa na wali, nikaacha kujiuliza.

Jumatano, 19 Machi

Mama Mikate ameomba kuhamia chumba cha Kiherehere. Ameomba kwa Mkurugenzi wa shirika, bila kunisema vibaya. Alisema tu kwamba tarehe yake imekaribia. Nimeitwa ofisini. Kiherehere naye alikuwepo, akasema kiti kipo, aje hata leo.

Ningesema ndiyo, yangeisha. Lakini akiondoka yeye wataondoka wote, na akibaki kule siku tisa atakuwa anasoma. Nikasema kumhamisha mwanafunzi katikati ni kumvuruga. Nikasema namjua, namlea hatua kwa hatua. Nikasema na neno “saikolojia.” Mkurugenzi akaniamini, kwa sababu katika mwaka mzima wa kujitolea sikukosa hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma. Sifa yangu yote ya mwaka mzima nimeitumia kwa hili.

Mama Mikate alipoambiwa abaki hakubisha. Alisema, “Sawa, mwalimu. Wewe ndiye unayejua.”

Sijala vizuri.

Ijumaa, 28 Machi

Kibali! Kimetoka saa nne asubuhi, na muhuri wake. Nimekimbilia kutoa nakala, nimekimbilia shirikani, nimepanga viti. Jioni nikagawa karatasi za kipimo. Mama Mikate alichelewa. Alivaa gauni la kutokea na viatu ambavyo sijawahi kumwona navyo. Alikaa, akaitazama karatasi muda mrefu, akajaza alichoweza.

Amepata mbili kati ya thelathini. Mtafiti haombi zaidi ya hapo. Mwanzo safi kabisa! Kwa furaha yangu nikamwambia mbele ya watu, safi sana mama.

Akasema hiyo ni karatasi ya pili leo. Ya kwanza alipewa asubuhi, kwenye mtihani wa leseni. Kulikuwa na swali la njia panda, nani apite kwanza. Michoro aliielewa. Nani apite kwanza anajua siku zote. Ila majibu yalikuwa matatu, na hakuweza kujua ni lipi linalosema hivyo. Alikaa nayo mpaka muda ukaisha. Usukani amepewa mpwa wa mwenye kiwanda, ambaye mchana tayari alikuwa amekwaruza geti.

Alieleza bila kulia na bila kunilaumu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Kisha akauliza kama leo tutaimba.

Najuta. Naandika tena nilione: najuta. Nilimwahidi mbele ya watu, halafu nikamfungia mlango ili nipate mbili yangu kati ya thelathini. Dada amefunua sufuria akaikuta imejaa, akauliza naumwa wapi. Nimeshindwa kumwonyesha.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda darasani nimebeba maneno. Maneno kamili, sentensi, alama za barabarani nilizochora mwenyewe jana kutwa. Nilitaka kuwafundisha mwezi mzima ndani ya jioni moja.

Wamekuja wawili. Mmoja alifuata mwavuli wake. Mwingine ni Mzee Mlinzi, naye alisema amekuja kuaga, maana usingizi ule anaweza kuupata nyumbani.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimekwenda kiwandani kukiri. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, imenyooka, ina toba na kila kitu. Nilimkuta Mama Mikate uani anasugua gari, na mpwa ndani anabonyeza honi bila sababu.

Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akafuta mikono, akaniuliza masomo yangu yanaendeleaje. Aliuliza kwa dhati, alitaka kujua. Nikasema yanaendelea vizuri. Badala ya hotuba nikauliza mikate ya moto inatoka saa ngapi. Akaenda kunichagulia mmoja mwenyewe.

Nimerudi na mkate. Shemeji ameusifu sana. Mimi nimemwachia na kipande changu.

Ijumaa, 4 Aprili

Darasa langu halipo tena. Mkurugenzi amesema mtu yeyote atakayerudi aende kwa Kiherehere, na mimi nipange madawati stoo. Hakugomba. Alisema tu alidhani ananijua, na hapo nikatamani bora angegomba.

Kiherehere alinifuata stoo kunisaidia kubeba. Sikumtaka. Akabeba tu. Akasema na yeye kuna siku kazi na shule vinamchanganya. Nilitaka kumwambia kila kitu, nikamwambia ashike dawati vizuri.

Kisha Profesa. Kipimo cha mwanzo bila cha mwisho ni karatasi tu, amesema. Tasnifu imekufa. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza, kwa kupitisha muda, kwani hao watu waliacha kwa nini. Akasema ajabu ni kwamba hapo chuoni hakuna mwanafunzi anayechunguza jambo hilo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mada mpya imepita! “Kwa Nini Watu Wazima Huacha Darasa la Kusoma.” Profesa amesema ni mada yenye uhai. Wahojiwa ninao kumi na mmoja, wote walioacha, wote nawajua, wote wa darasa moja. Mtafiti gani mwingine ana bahati hii? Kiherehere, darasa lake limejaa, hana hata mtoro mmoja. Yaliyopita yalikuwa kosa kubwa na nimejifunza. Sitamchelewesha mtu tena kwa ajili ya shahada.

Sharti ni moja tu. Mhojiwa asiwe amejiunga na darasa lolote mpaka ahojiwe, na kumhoji hairuhusiwi mpaka kamati ikae. Inakaa mwisho wa mwezi.

Jioni nilikuwa getini nikitoka stoo. Nikamwona Mama Mikate anakuja, daftari jipya kwapani. Amejiandikisha mtihani wa Juni. Kiwanda kingine kinatafuta dereva, na anakwenda kuanza kwa Kiherehere leo hii. Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli. Machozi yalinilenga.

Kisha nikakumbuka sharti. Nikamvuta pembeni, nikamwomba asiingie kwanza. Wiki mbili tu, kwa manufaa ya elimu ya watu wazima. Akalibana daftari lake kwapani. Akasema, “Naomba nipite, mwalimu.”

Nikampisha. Wahojiwa wamebaki kumi.

Kiherehere anasema Mzee Mlinzi naye ameulizia nafasi, ataanza Jumatano. Nitawahi getini.