Kulinda Alama 604

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Mwenye nyumba anauza. Miaka tisa tumepanga hapa, mke wangu ana cherehani zake mbili chumba cha mbele, wateja wamemzoea, na leo mzee kaja na barua. Tuinunue sisi, tukishindwa Jumatatu ijayo anamwuzia jirani yetu Koplo. Koplo! Kuruta niliyemfundisha mimi kufunga kamba za buti! Eti atavunja chumba cha mbele aegeshe gari.

Nimekwenda benki mbio. Dada wa mikopo katazama kompyuta yake: alama zangu za ukopaji 604. Wao hawakopeshi chini ya 600. Nikauliza mbona chache hivyo, mtu nimelitumikia jeshi miaka ishirini na miwili? Akasema mashine haijui utumishi, inajua kukopa na kulipa basi. Kweli. Jeshini nilikula bure, nikalala bure, nikavaa bure. Deni langu la kwanza maishani ni pikipiki, nalo nalilipa vizuri.

Kamati inakaa Ijumaa, na alama zitatazamwa upya siku hiyo. Hadi hapo, kaniambia, nisiguse kitu. Nisikope hata senti. Sajini mzima nikae tu!

Jumanne, 4 Machi

Sikulala. Alama nne tu juu ya mpaka. Nani analinda mpaka kwa askari wanne? Mke wangu kasema nitulie, subira yavuta heri. Subira ni ya raia.

Asubuhi Koplo kachungulia juu ya ukuta. Eti shikamoo Sajini, una alama ngapi? Yeye 712. Kanionyesha kwenye simu bila kuombwa, meno yote nje. Nikamjibu kwamba zangu ni siri ya jeshi. Mshenzi!

Ila kanipa wazo. Mashine inapenda mtu anayekopa na kulipa? Haya, nikope na kulipa! Saa nne nimechukua mkopo mdogo wa simu. Saa nne na nusu nimerudisha. Wangapi wana nidhamu hiyo?

Jumatano, 5 Machi

Mikopo sita leo, kampuni sita. Yote nimerudisha kabla chai haijapoa. Riba zao zimekula hela ya mafuta ya pikipiki, lakini hakuna vita vya bure. Mke wangu kauliza simu inalialia nini. Nikasema ni kikundi cha wastaafu. Kumdanganya mke ni vibaya, najua.

Alhamisi, 6 Machi

581!

Nilikwenda benki kupokea pongezi, jamani. Dada wa mikopo kageuza kompyuta nijionee mwenyewe. Kila nikiomba mkopo, mashine inaandika palepale. Mtu aliyeomba mara saba kwa siku mbili inamwona anatapatapa. Nikasema lakini nimelipa yote! Akasema faida ya kulipa huchukua miezi kuonekana. Kisha akauliza, kwa upole ule unaochoma, si nilikuambia baba usiguse kitu?

Nimekaa kwenye ngazi za benki hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Ninaogopa. Risasi zimewahi kunipita kichwani na sikuogopa hivi. Cherehani zile zitakwenda wapi? Nani atamfuata mke wangu uchochoroni kushonesha nguo?

Nimerudi nyumbani nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikata uzi kwa meno, akaendelea na pindo.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati imenikataa. Sikumaliza hata uji. Nje Koplo anapima ukuta wetu kwa futi kamba, anaandika kwenye kiganja. Nilitaka kumrukia.

Saa nane mke wangu kavaa gauni lake la kutokea, kaondoka bila kuaga. Saa kumi karudi na karatasi. Kumbe Jumanne alipeleka maombi yake mwenyewe, kimya kimya, maana, kwa maneno yake, mume wangu namjua. Cherehani alizichukua kwa mkopo, na kila tarehe tano kwa miaka minne amelipa bila kukosa. Alama 688! Kamati imemkubalia! Pesa zinatoka Jumatatu saa tatu, wakishatazama alama kwa mara ya mwisho.

Nimelia. Ndiyo, Sajini nimelia, tena kwa sauti. Ameniomba jambo moja tu: mume wangu, tulia. Nimeapa kwa mkono juu.

Jumapili, 9 Machi

Raha tupu. Koplo hachungulii tena. Mke wangu ananiita baba mwenye nyumba na kunicheka.

Ila nimekaa nikafikiri. 688 si mbaya, lakini Koplo ana 712. Na kosa langu la juzi nimeligundua: nilichelewa kurudisha. Nusu saa nzima! Mashine lazima iliingiwa na wasiwasi. Mke wangu kaenda kumpimisha mteja gauni, simu yake kaiacha mezani inachaji. Namba ya siri naijua, ni mwaka tuliooana. Nimemwombea mikopo minane kwa mpigo. Saba imeshaingia, na yote nitairudisha ndani ya dakika kumi. Sijamwambia. Nataka akaambiwe kesho benki, afurahi.