Bunduki Mbaya na Kengele ya Baiskeli

Ukitaka kumjua mjanja, mtazame anavyosikiliza shida za wenzake: kichwa hutikisika kwa huzuni, macho yanapima mbuzi.

Ndivyo Wilibrodi alivyomsikiliza Mama Domitila mnadani Karatu. Nguruwe pori walishuka kutoka msitu wa Ngorongoro wakavuruga shamba lake. Wakimaliza mahindi, mjane huyo na wajukuu zake wangerudi kwenye foleni ya yanga, unga wa njano wa msaada. Kibali cha bunduki alikuwa nacho, urithi wa marehemu. Bunduki ndiyo hakuwa nayo.

"Mungu hakutupi, mama," alisema Wilibrodi, akavuta kitu guniani.

Kilikuwa bunduki, kwa maelezo ya mwenye mali. Mtutu ulikuwa na kutu rangi ya ugoro, kitako kilikuwa mguu wa kitanda, na vyote vilishikana kwa waya na ngozi ya ng'ombe yenye manyoya bado. Ilikwishauzwa mara kadhaa, kila mara kwa mbuzi. Kila mnunuzi alichekwa kijijini, akairudisha kwa aibu bila kuifyatua. Wilibrodi aliipokea kwa upole, akieleza kuwa mbuzi, kwa bahati mbaya, ameshaliwa.

"Hili si jembe lililougua?" mama akauliza.

"Sura haipigi nguruwe, mama. Tazama!"

Akaweka kopo juu ya kichuguu, akafyatua baruti tupu. Paa! Kopo likaruka. Nyuma ya kichuguu rafiki yake Piusi akakunja uzi aliovutia kopo.

Mama akatoa mbuzi mwenye mimba, akapewa bunduki na risasi za kweli. Jioni mbuzi akawa supu.

Wilibrodi akasubiri bunduki irudi. Zikarudi habari tu: mama kamwangusha nguruwe ng'ambo ya korongo! Mwingine kamtoboa katikati ya macho!

"Piusi, mama yule katuibia kazi!" Wilibrodi alicheka mpaka akakohoa. "Anawanasa kwa mitego, halafu anaisifia bunduki. Kesho ataiuza kwa ng'ombe!"

Mjanja ana ugonjwa mmoja: akiuona ukweli, hutafuta uzi.

Akampakia Piusi kwenye baiskeli yake mpya, roho yake ya pili, wakaenda.

"Shikamoo mama. Sasa sisi ni wenzako. Uzi umeufunga wapi?"

"Marahaba. Uzi gani, mwanangu?"

"Haya. Igonge kengele ya baiskeli yangu kutoka ng'ambo ya korongo. Ukiweza, baiskeli yako. Ukikosa, bunduki yangu."

"Mbele ya balozi," akasema mama.

Balozi wa nyumba kumi akaitwa, na majirani wakajiita. Wilibrodi akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akapapasa nyasi zote, hata akamwamuru Piusi akae kando, mikono kichwani.

Mama akavuka korongo, akalaza shavu kwenye manyoya.

Paa!

Kriiing!

"Upepo!" akalia Wilibrodi.

Balozi akayatazama mahindi yaliyosimama kimya. "Upepo gani unatoboa chuma, kijana?"

Mama aliporudi, Wilibrodi alikuwa amepiga magoti. "Mama, nirudishie. Nitakulipa mbuzi."

"Yule wangu?"

"Yule... ameshaliwa."

"Basi pole, mwanangu. Pita jikoni uchukue kipande cha nguruwe. Kwa miguu Karatu ni mbali."

Baiskeli ile haikupata kengele tena. Haikuihitaji. Mama Domitila alipokuja nayo mnadani, mguu wa kitanda ukichungulia begani, njia nzima ilimpisha, na wa kwanza kurukia mtaroni alikuwa Wilibrodi.