Ombi la Kuahirisha Ubatizo wa Mjukuu Wangu

Kwa Ndugu Harlan Dykhuis,
Karani wa Baraza la Wazee,
Kanisa la Pili, Nijewier, Iowa.

Ndugu Karani,

Pokea salamu katika jina la Bwana. Natumaini mgongo wako unaendelea vizuri tangu uteleze kwenye barafu mbele ya duka la chakula cha mifugo. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, ila moyo wangu haujatulia, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu huwa unanicheka.

Naandika kuliomba Baraza liahirishe ubatizo wa mjukuu wangu Luz Dary, mwenye umri wa miaka sita, uliopangwa Jumapili hii katika ibada ya asubuhi. Kama mjuavyo, mwanangu Marlin na mkewe Joleen walimfuata Kolombia, wakakaa huko wiki tano wakihangaika na mihuri ya maofisini, wakarudi naye siku tatu kabla ya Krismasi akiwa mtoto wao halali. Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Nililia, sikatai, ila kulikuwa na upepo. Sina lalamiko lolote juu ya kuja kwake. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo, na naomba yasomwe yote bila kuruka, maana naijua tabia yako ya kuruka.

1. Benchi. Benchi letu ni la nne kutoka nyuma, upande wa kushoto, na akina Terpstra tumelikalia tangu kanisa lilipopakwa rangi ya kwanza. Mimi nakaa ukutani. Nafasi ya pili ilikuwa ya marehemu mke wangu, Tjitske. Kwa miaka mitatu tangu tumzike, hapo naweka koti langu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini, kwa sababu watu wa Nijewier wana adabu na pia ni waoga. Jumapili yake ya kwanza kabisa, mtoto huyu alipita mbele ya magoti ya wazazi wake, akaliinua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani, akaketi. Hakuomba ruhusa. Miguu yenyewe haifiki sakafuni. Joleen akaninong'oneza, "Baba, samahani, nimhamishe?" Nikamwambia amwache, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeshaanza. Naomba ieleweke kwamba ile haikuwa ruhusa. Ulikuwa wimbo.

2. Peremende. Mchungaji Brouwer ana hoja tatu katika kila mahubiri, kama walivyofanya wote waliomtangulia, na kila hoja ina peremende yake. Hoja inapoanza, mzee wa benchi anapitisha pakiti, kila mtu anachukua moja, anamung'unya kimya mpaka hoja ijayo. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo tulivyoishika imani. Luz Dary anapokea peremende kwa mikono miwili, anainamisha kichwa kushukuru, kisha anaitumbukiza ndani ya soksi. Asubuhi soksi ya kushoto, ibada ya jioni soksi ya kulia. Mwanzoni nilidhani imemdondoka, nikampa yangu ya hoja ya tatu. Nayo ikaenda soksini, na ndivyo ilivyo kila Jumapili. Kwa hiyo tangu Krismasi naisikiliza hoja ya tatu mdomo mkavu, na nasikitika kuliarifu Baraza kwamba hoja ya tatu ni ile ile ya kwanza iliyovishwa koti jingine. Sikuwahi kulijua hilo kwa miaka sabini na minne. Nilipomuuliza Marlin kuhusu soksi alisema, "Baba, huko alikotoka kitu kitamu hakiliwi siku hiyo hiyo. Kinawekwa, maana hujui kesho. Mpe muda tu." Muda nimempa, na peremende nimempa, na bado sijamwona akila hata moja.

3. Kelele. Hapa nalalamika juu yenu. Bi Alvina, mke wa mzee wa kanisa ambaye sitamtaja lakini anaketi mkabala na wewe katika Baraza, humwinamia mtoto kila Jumapili na kumpigia ukelele usoni, "KARIBU SANA! UNAPENDA THELUJI?" Mtoto anatoka Kolombia, hana uziwi. Zimeletwa nyumbani kwao bakuli kumi na moja za viazi vya kuoka na jibini, na dubu wa kitambaa kumi na wanne, hata mtoto hana pa kulala. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi wiki ya nane bado mnampa dubu. Halafu kuna yule jirani yangu aliyemuuliza Joleen, mtoto akiwa amesimama pale pale, "Huyu mlimpatia wapi?" kana kwamba anaulizia mtamba mnadani. Joleen akamjibu, "Kolombia. Na wewe huyu wako ulimpatia wapi?" Ndiyo mara ya kwanza nimeona kahawa ya kanisani ikimtoka mtu puani.

4. Jina. Hapa naomba msome polepole. Kwa faida ya wale wazee wawili walioingia kwetu kwa kuoa na hawakulelewa kama sisi, nakumbusha kwamba watu wenye asili ya Friesland, kule Uholanzi, babu tunamwita Pake. Uzito wa sauti uko mwanzoni mwa neno. Baba wa baba yangu alikuwa Pake, baba wa Tjitske alikuwa Pake, na mimi nimelisubiri jina hilo tangu Marlin alipooa, miaka kumi na tisa. Miaka hiyo tulikwenda hospitali mara nyingi na kurudi mikono mitupu. Basi siku ya kwanza jikoni kwa Joleen nilimkabili mtoto, nikajipiga kifua, nikasema, "Pake! Pake!" Akanikazia macho makubwa. Kesho yake, mlangoni kwao mkabala na zizi, Joleen akamwambia avae viatu vya theluji, na mtoto akasema, wazi kabisa, "Paké?"

Ndugu Karani, nilitoka zizini mbio na ndoo mkononi.

Tangu siku hiyo aliniita kutwa nzima. Akiambiwa avae kofia, "Paké?" Akiwekewa mbaazi, "Paké?" Akiambiwa ni saa ya kulala, "Paké?" Nikaja kila mara. Nilimfunga kamba za viatu, nilizila mbaazi zake, nilimbeba. Nikavimba kichwa. Nilisimulia dukani, kwa kinyozi, na kwenye kahawa ya baada ya ibada, wewe mwenyewe ni shahidi. Nilijipiga kifua kwa maana zote mbili.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakamua, mimi na Ulises, kijana wa Guatemala anayetusaidia. Luz Dary akaja mlangoni, nikamwambia kwa ishara afunge zipu ya koti. "Paké?" akasema. Nikamwambia Ulises, "Umesikia? Ananiita." Ulises akaanza kucheka, akaacha, akaanza tena. "Mzee," akasema, "usikasirike. Hakuiti. Kwa Kihispania chetu anakuuliza, 'Ya nini?'"

Ya nini. Viatu ya nini, kofia ya nini, mbaazi ya nini. Wiki sita! Na mimi kila nilipojipiga kifua mbele yake nilikuwa, kwa masikio yake, mzee asiyejulikana anayejigonga akiuliza, "Ya nini? Ya nini?" Siku moja alinijibu kirefu sana, akieleza kwa vidole, nami nikaitikia "Amina." Marlin, aliyejifunza lugha hiyo kwa kitabu, hakutambua kitu, maana kitabuni neno lenyewe ni refu zaidi. Joleen alijua tangu wiki ya pili. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema, "Baba, ulikuwa unafurahi mno. Ningeanzia wapi?"

Jumapili iliyopita sikuja kanisani. Nilituma habari kwamba nakohoa. Sikuwa nakohoa, na naomba hilo liandikwe katika kumbukumbu.

5. Swali. Jumapili hii, mtoto akishabatizwa, Mchungaji ataligeukia kusanyiko na kuuliza kama tutampokea kwa upendo, nasi tutasimama na kujibu, "Tutampokea, Mungu akitusaidia." Nimelijibu swali hilo labda mara mia tatu maishani, mara nyingi nikiwaza mahindi. Lakini safari hii nimelitafakari, na naona limegeuzwa miguu juu. Sisi hatujapoteza chochote. Yeye ndiye aliyeacha lugha yake, jua lake, na watoto aliokuwa akilala nao chumba kimoja, akaletewa theluji, mbaazi na Bi Alvina. Anayepaswa kuulizwa kama atapokea ni yeye. Na akiulizwa, najua atakachojibu. Atajibu "Ya nini?" na hakuna mzee hata mmoja katika Baraza lenu atakayekuwa na jibu la maana, wakiwemo wale wanaojua kila kitu.

Nitasema wazi, Harlan, kwa kuwa tumesoma darasa moja. Ninaogopa. Ninaogopa kwamba atamwagiwa maji, ninyi mtatamka mnayotamka, mtashuka kunywa kahawa, na yeye atarudi nyumbani akiwa hana neno la kuniitia mimi. Wakati wa Tjitske lisingetokea. Yeye angemkalisha mezani na kumwelewesha kwa biskuti.

Kwa sababu hizo naliomba Baraza:

(a) liahirishe ubatizo hadi mtoto atakaponiita kwa jina langu, na si kwa bahati mbaya;

(b) likishindwa hilo, swali la kusanyiko ligeuzwe, aulizwe yeye, kwa lugha yake, na sisi tusubiri jibu tukiwa tumesimama, hata kama litachukua mwaka;

(c) likishindwa hayo yote, Bi Alvina akae hatua kumi kutoka kwa mtoto.

Nisalimie mkeo Verna na umwambie mtungi wake wa matango ninao na utarudi. Wasalimie wazee wote, akiwemo mume wa Bi Alvina, ambaye namwonea huruma. Msalimie Mchungaji, na umfikishie taarifa juu ya hoja ya tatu kwa upole.

Ni mimi niliye mtiifu kwenu hadi hapo mtakaponikatalia,

Wiebe Terpstra

Nyongeza baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshabandika stempu kwenye bahasha mlango wa jikoni kwangu ulipofunguliwa bila hodi. Alikuwa Luz Dary, amevuka ua peke yake kutoka nyumba ya wazazi wake, viatu amevigeuza, cha kushoto mguu wa kulia. Akaketi sakafuni, akavua kimoja, akaingiza mkono kwenye soksi, akatoa peremende tatu, akazipanga juu ya barua hii. Doa utakaloliona kwenye lalamiko la pili ni hilo. Kisha akazigusa moja moja akitangaza kwa sauti ya Mchungaji Brouwer kabisa, "Kwanza! Pili! Tatu!"

Zilikuwa za Jumapili niliyokosa. Joleen alimpa mgawo wake, naye mtoto akaniwekea mimi.

Nikataka kujua kwa hakika, basi nikamuuliza kwa lugha yake, nilivyofundishwa na Ulises, uzito mwishoni: "Paké?" Ya nini? Akanitazama kama unavyomtazama ng'ombe anayesukuma ukuta na mlango uko wazi. Akaninyooshea kidole, akanigonga kifuani.

"Pake," akasema. Uzito ulikuwa mwanzoni, Harlan, kama alivyotamka mama yangu.

Tumezila pale pale. Mimi moja, yeye moja, na ya tatu tukaigawa kwa kisu. Sikuwahi kumwona akila hata moja kabla ya hiyo.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, isipokuwa la tatu, maana Bi Alvina bado anapiga kelele. Ubatizo uwe Jumapili hii hii, asubuhi, na mkiuahirisha nitawaandikia barua ndefu kuliko hii. Mtakapouliza swali lenu nitajibu kwa sauti mpaka Kanisa la Kwanza wasikie. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu haibanduki, na mimi si mtu wa kutupa stempu. Koti langu nitalitundika kwenye ndoano za ukumbini kama watu wengine, na waambie wanaopokea wageni mlangoni kwamba asikalishwe mtu nafasi ya pili kutoka ukutani. Hapo ni pake.