Muhuri Unaosomeka

Jumatatu, 2 Machi 1998

Petroli haiingii Bujumbura tangu nchi jirani zitufungie mipaka kwa embargo. Sukari haiingii. Sabuni inaingia kwa kujificha. Lakini barua ya Baraza la Wauguzi imefika hadi mlangoni kwangu, Buyenzi, Avenue ya kumi na sita, bila kusimamishwa popote. Hongera zao.

Wanataka ada ya usajili ya mwaka. Nikilipa, cheti changu kitagongwa muhuri. Nisipolipa, Ijumaa chumba changu cha sindano kinatiwa kufuli. Barua inasema ada ni ya kulinda hadhi ya kazi yetu. Nina bomba mbili za sindano na sufuria moja ya kuzichemshia. Hadhi yenyewe hiyo.

Mke wangu Mwanasiti kauza vitenge vyake viwili, vile vya Idd, na kanipa pesa kamili. Kasema chumba kikifungwa watoto watakula cheti. Nimeapa mbele yake kwamba kesho nalipa.

Jumanne, 3 Machi

Nimetoka asubuhi kwenda kulipa. Kweli kabisa. Nimepitia dukani karibu na soko, kuangalia tu. Dirishani kulikuwa na fremu ya rangi ya dhahabu, kubwa, yenye maua pembeni.

Adélaïde, muuguzi wa ng'ambo ya barabara, ana fremu ya mbao. Tangu atundike cheti chake mle ndani, wagonjwa wangu wanavuka kwenda kwake. Hata wanaochechemea wanavuka. Mimi kwa fremu ya dhahabu nitawarudisha wote kwa wiki moja.

Kwa hiyo fremu ninayo. Kinachokosekana ni muhuri, na muhuri ni doa la wino tu. Mwanasiti kauliza kama mambo yamekwisha. Nimesema karibu yote.

Jumatano, 4 Machi

Nimemwendea Seifu, fundi wa viatu vya tairi, mtu anayeweza kuchonga chochote kwenye mpira. Kasema, mi nachonga, we niletee mfano.

Mfano! Nimekagua mihuri yangu ya zamani. Miaka mitatu, madoa matatu. Nikavuka kwa Adélaïde nikijifanya naazima pamba, nione muhuri wake wa mwaka huu. Doa. Tangu embargo ianze Baraza halina wino, nadhani wanagonga kwa mate. Adélaïde kaniuliza, kwa upole wake ule unaoniudhi, kama nimeshalipa. Nikamjibu kwamba wengine hatupendi kujionyesha.

Basi nimechora mwenyewe. Nyoka, fimbo, nyota tatu, majani, na jina la Baraza likizunguka. Seifu kakubali kwa pesa iliyobaki, na nimtibu majipu bure mwaka mzima. Ana majipu mengi.

Alhamisi, 5 Machi

Muhuri uko tayari. Wino hakuna, mji mzima. Nikakumbuka dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Mimi na akili zangu!

Nimegonga mara moja tu. Magamba ya nyoka yanahesabika. Cheti kimetundikwa, fremu inang'aa, vidole vyangu ni zambarau hadi kwenye kucha. Nimesugua kwa ndimu, majivu na mchanga. Rangi haitoki.

Jioni risasi zimelia milimani na Mwanasiti kawalaza watoto sakafuni. Kaniambia afadhali jambo moja mwaka huu limelipwa. Nimejisikia vibaya sana. Halafu nikaitazama fremu, ikapita.

Ijumaa, 6 Machi

Kaja Gélase, katibu wa Baraza, kwa miguu kutoka mjini, begi limejaa makufuli. Kaanzia kwa Adélaïde. Kaona doa, kaaga, katoka. Haikuchukua hata dakika.

Kwangu kasimama. Katoa miwani. Kasogea. Kamwita Adélaïde aje kuona. Kisha kaeleza taratibu kabisa kwamba yuko Barazani mwaka wa tisa, na hii ndiyo mara ya kwanza anausoma muhuri wao. Kauliza nyota tatu ni za nini. Nikasema imani, kazi na usafi. Kasema nzuri sana. Kaniomba nitoe mikono mfukoni.

Uamuzi: nilipe ada mara mbili kabla ya Jumatatu saa sita, la sivyo kufuli. Muhuri kauchukua. Eti ushahidi.

Jumamosi, 7 Machi

Mwanasiti hakupiga kelele. Ningependa apige. Kajifunga kanga yake, kaichukua fremu ukutani, kairudisha dukani, wakampa nusu ya bei. Zilizobaki kakopa.

Nimeuliza kwa nani. Kaonyesha ng'ambo ya barabara.

Jumatatu, 9 Machi

Kalipa Mwanasiti mwenyewe, mimi nimesimama nyuma yake. Gélase kafungua mtoto wa meza, katoa muhuri. Wangu! Kaugonga kwenye cheti changu. Nyoka, nyota, majani, kila kitu. Kasema Baraza limeupenda, ule wa zamani wameutupa, na kila mwezi nilete chupa moja ya dawa ya zambarau. Bure, kwa hadhi ya kazi.

Chumba kimebaki wazi. Mwanasiti kalia njia nzima kurudi, kwa furaha au kwa uchovu, sikuthubutu kuuliza. Nimemwapia kwamba sitarudia.

Jumanne, 17 Machi

Barua nyingine. Kwa kuwa sasa Baraza lina muhuri unaosomeka, vyeti vyote vyenye muhuri usiosomeka ni batili, na kila muuguzi wa mji huu atalipia mpya. Kila muuguzi, hata aliyegongewa wiki iliyopita, kwa usawa. Adélaïde kavuka barabara kwa mara ya kwanza bila kuitwa. Kanieleza maoni yake juu yangu, na kataka deni lake leo.

Nilipie muhuri wangu mwenyewe! Mwanasiti kauza redio na kanipa pesa mkononi, ya ada na ya Adélaïde, akaniangalia machoni kwa muda mrefu. Nikaapa.

Nimepitia dukani, kuangalia tu. Fremu bado ipo, na wamepunguza bei kwa sababu imetumika.

Sasa niko kwa Seifu. Nimekaa kwenye kigoda, fremu iko magotini. Kosa langu nimelijua, wala si mtu wa kurudia kosa. Muhuri ule ulinikamatisha kwa sababu ulikuwa mzuri mno. Safari hii nimemwambia auchonge vibaya.