Siti ya Kukunja ya Mama Mkwe

Mstaafu hutusomea gazeti kwa sauti kila siku kijiweni, maana anaamini sisi wengine shule tulipita nje tu. Siku hiyo alikohoa kwanza, tukajua habari ni nzito.

"Kuanzia leo, gari litakalokutwa na mzigo uliochomoza dirishani, dereva atashikwa pamoja na mzigo wake."

Kinyozi akapiga makofi. "Pazia kwisha habari yake!"

Pazia ndiye fundi wetu wa mapazia. Gari lake limezunguka mtaani miaka yote bomba za pazia zikitoka madirishani huku na huku. Mara ya mwisho alimpakia mama mkwe, bomba sita zikapita chini ya kidevu chake safari nzima. Mama alishuka akaapa hapandi tena, na mke wa Pazia akamwambia achague moja, bomba au mama. Siku hiyo saa kumi mama huyo alikuwa anatoka zahanati, katibiwa jicho, na saa kumi hiyohiyo mteja wa ukumbi, barabara ileile, alitaka bomba zake.

Pazia alikuwa amekunja nne, anapuliza kahawa.

"Soma tu, mzee wangu. Sheria hiyo imenikuta nimeshavuka."

"Umevukia wapi?"

"Mnadhani hii mnayokalia niliwapa kwa upendo?"

Tuliyoikalia ilikuwa siti yake ya nyuma. Alituletea juzi, tukaiegemeza ukutani kwa muuza kahawa na ubao wetu wa zamani tukautupa. Mstaafu akajitwalia kona, akaiita ofisi. Kinyozi aliizindua kwa kumwaga kikombe kizima.

"Nimeweka siti ya kukunja," Pazia akasema. "Mgongo wake umegawanyika. Upande mkubwa anakaa mama mkwe, upande mdogo unalala, bomba zinapita toka kwenye buti. Nimeitoa kwa wauza vipuri, kwenye gari kama langu hilihili, ila lile lilikuwa la matajiri."

"Tajiri gani alinunua gari kama lako?" akauliza Nati, mchomeleaji wetu. "Alifilisika siku gani?"

"Si ungeweka kereya juu, bwana?" Kinyozi akasema.

"Paa lenyewe nalibembeleza lisinidondokee, nilipandishie na mzigo?"

"Na siti nani kaifunga?"

"Mimi. Boliti nne, matundu yamelingana yote."

"Wewe? Fundi wa mapazia?"

"Boliti haiulizi kazi ya mtu."

Simu yake ikalia. Akaweka sauti kubwa ili tusikie anavyoheshimiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nitakaa, au nitakushikia bomba?"

"Leo utakaa kama waziri, mama."

"Waziri gani apande gari hilo? Njoo basi, usinicheleweshe."

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Pazia akainuka kwa hasira, akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Njooni muone, wenye wivu nyie!"

Tukaenda wote. Siti ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Akavuta kamba ndogo pembeni, mgongo wa upande mdogo ukalala chini taratibu, kwa adabu. Nyuma yake kilikuwepo kitambaa cheusi.

"Sasa hapo unainua kitambaa, unapitisha bomba," akasema, akakivuta.

Nyuma ya kitambaa kulikuwa na bati. Bati la chuma, toka ubavu mpaka ubavu, hata sindano haipiti.

Tukainama wote kulitazama, nadhani kwa heshima. Kisha Nati akaligonga kwa kidole. Ngo, ngo.

"Kuna mtu ndani?"

"Ndugu yangu," Mstaafu akasema polepole, "siti ya zamani ulipoitoa, hili hukuliona?"

"Niliona kitambaa." Sauti ya Pazia ilikuwa imepungua. "Miaka kumi na minane nafunga mapazia. Sijaona mtu mwenye akili timamu akatundika kitambaa kwenye ukuta mtupu. Nikajua nyuma yake kuna uwazi."

"Na kwenye buti hukuchungulia?"

"Kwenye buti kuna vitambaa vyangu mpaka juu."

Akamshika Nati mkono. "Likate, kaka. Dakika kumi tu."

"Hilo ndilo linaloshika mbavu za gari. Nikilikata, utakuwa na siti ya kukunja na gari la kukunja." Nati akausimamisha mgongo wa siti, akauachia. Ukaanguka. Akausimamisha tena, ukaanguka. "Halafu hauna pa kujishikiza. Ukikanyaga breki, waziri wako anakunjwa pua magotini."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Pazia aliitazama saa, akatutazama sisi, kisha akaitazama siti yetu ukutani. Nilimwonea huruma kweli, kabla sijaelewa anawaza nini.

"Jamani," akasema, "naomba muinuke."

"Tumeshasimama," Mstaafu akamjibu.

"Basi msikae tena."

Kijiwe kilivunjika hapohapo. Nati aliirudisha siti ya zamani na doa lake la kahawa, Mstaafu akilalamika kwamba anafukuzwa ofisini kwa mara ya pili. Pazia akawasha gari akakimbilia zahanati. Bomba za mteja, alizokuwa amezilaza pembeni ya gari, zikabaki chini, na sisi hatukuwa na pa kukaa, maana ile siti ya kukunja ilimkunja kila aliyeikalia. Tukazibeba wenyewe, tatu tatu kwa wawili wawili, Mstaafu mbele na gazeti lake akisimamisha magari kwa sauti.

Hatujafika ukumbini, gari la Pazia likatupita, likapunguza mwendo. Mama mkwe alikuwa amejaa siti nzima ya nyuma, jicho moja limefungwa bandeji. Akateremsha kioo, akatukagua kwa jicho lililobaki, sisi na bomba zetu begani.

"Hongera, mwanangu," akamwambia Pazia. "Kweli siti imegawanyika. Mimi huku, bomba kule."